Meli Kupanda Mwamba na Uchovu wa Mabaharia

Wasomaji wetu walio mbali na pwani huenda wakadhani ya kuwa meli hupanda mwamba kwa sababu ya tufani, au giza, au kukosa ramani. Mambo hayo huleta hasara kweli. Lakini liko jingine lisiloonekana kwa macho, nalo ni uchovu wa watu. Twapenda kulieleza kwa ufupi.

Tarehe 3 Aprili 2010 meli ya Kichina iitwayo Shen Neng 1 ilitoka bandari ya Gladstone, nchi ya Australia, ikichukua makaa ya mawe zaidi ya tani 65,000. Mnamo saa kumi na moja jioni, kabla jua halijatua, ilipanda matumbawe mahali paitwapo Douglas Shoal. Ramani ilikuwapo. Walipochunguza, waliona ya kuwa msaidizi mkuu wa nahodha, aliyekuwa katika zamu, alikuwa amesimamia upakiaji wa makaa bandarini, na katika saa 38 na nusu alikuwa amelala saa 2 na nusu tu. Wakati wa kugeuza meli ulimpita asitambue.

Mtu aliyechoka hivyo macho yake hukaa wazi, na akili yake imelala. Tena mwenyewe hajijui. Sheria ya mataifa yaamuru baharia apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Lakini ziko meli ndogo ambazo nahodha na msaidizi mmoja tu hupokezana zamu za saa sita sita, na juu yake wana kazi ya shehena na hati za bandari. Mapumziko yaliyoandikwa katika daftari si mapumziko ya mwili.

Je, meli iliyokwama hufanywaje? Kwanza hupunguzwa mafuta na shehena, kisha huvutwa maji yajaapo. Shen Neng 1 ilinasuliwa baada ya siku 9, ikaacha jeraha la kilomita 3 hivi katika matumbawe. Mwaka 2016 wenye meli walikubali kulipa dola za Australia milioni 39.3.

Nyingine hazinasuki. Wakashio, iliyopanda mwamba Mauritius tarehe 25 Julai 2020 kwa sababu nyingine, ilimwaga mafuta kadiri ya tani 1,000, ikakatika vipande viwili. Kipande cha mbele kilivutwa kikazamishwa kilindini. Cha nyuma kilibaki mwambani, kikaja kukatwakatwa na kuondolewa.

Na gharama ni juu ya nani? Mwaka 2007 mataifa yalifanya mkataba mjini Nairobi, nao ulianza kutumika mwaka 2015. Katika nchi zilizoukubali, mwenye meli sharti ayaondoe mabaki yaliyo ya hatari na kulipa gharama ya kuyatia alama; na meli ya tani 300 au zaidi lazima iwe na bima ya kazi hiyo.

Wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Nasi twaona ya kuwa wakiwa wachache mno, wasiopata usingizi, chombo hakina salama. Kila asimamiaye watu wa lori, mashua au mtambo na alifikiri neno hili: saa za kulala ni sehemu ya kazi.