Mteremko ndio injini: chukudu inavyoshusha viazi vya Masisi

Ukitoka Mushaki kwenda Sake, barabara hushuka kwa kona kali, na Ziwa Kivu huonekana kule chini muda mrefu kabla msafiri hajalikaribia. Upande mmoja ni malisho ya ng'ombe, upande wa pili ni korongo. Humo hupita malori ya vyakula, pikipiki zilizoelemewa na abiria, na chombo kimoja kisicho na injini, pedali wala mnyororo: chukudu. Kijana anayeiendesha amepakia magunia ya viazi yanayomzidi uzito mara nne au tano, naye anashuka bila kusukuma hata mara moja.

Chukudu inajulikana kote katika mkoa wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, hasa Masisi, Rutshuru, Nyiragongo na mjini Goma, ambako imesimamishiwa sanamu kubwa yenye rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara. Wageni wengi huipiga picha kama alama ya umaskini. Wanakosea. Hiki ni chombo kilichobuniwa kwa akili ili kijibu swali moja gumu la milima: mzigo ushukeje salama bila tone la mafuta?

Mwili wake hutengenezwa kwa mti mgumu uitwao mumba, pamoja na mkaratusi. Ya kawaida ina urefu wa mita mbili hivi na hubeba zaidi ya kilo 400. Zile kubwa hubeba zaidi ya hapo. Mbele kuna uma wa mbao ulioshika gurudumu, na juu yake usukani uliotanuka kama pembe za ng'ombe. Magurudumu nayo ni ya mbao, yamezungushiwa ukanda wa tairi kuukuu uliopigiliwa misumari, na katikati yake huwekwa beringi ili yazunguke bila kukwama. Fundi mzoefu humaliza kazi yote kwa siku moja hadi tatu, na chukudu iliyotunzwa hutumika miaka miwili au mitatu kabla mbao hazijachoka.

Magurudumu ni madogo, na udogo huo una kazi yake. Huuweka mzigo karibu na ardhi, nao urefu wa chombo hufanya magurudumu mawili yakae mbali. Kwa hiyo chukudu haipinduki kirahisi kwenye kona, ingawa katika mashimo huumia kuliko baiskeli.

Lakini siri kubwa zaidi haiko kwenye mbao. Iko kwenye ramani. Vilima vya Masisi hupanda hadi kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ya baridi hustawisha viazi, maharagwe na kabichi, mbali na majani yanayolisha ng'ombe wanaotoa maziwa na jibini ya Masisi. Goma, mji wenye walaji wengi, uko kando ya ziwa, kwenye mita 1,500 hivi. Hakuna mtu aliyepandisha viazi hivyo mlimani. Vimeota huko huko. Kinachotakiwa kupanda ni chukudu tupu na mwenyewe, halafu ardhi yenyewe huushusha mzigo hadi karibu na mnunuzi.

Kanuni hii inafahamika hata mbali sana na Kivu. Katika kisiwa cha Hokkaido, Japani, wako watu wanaokwepa viwanja vya kuteleza vyenye lifti, wakapanda mlima kwa miguu saa nyingi na ubao mgongoni, ili waje wateleze juu ya theluji kwa dakika chache. Kila mita waliyoipanda ni akiba watakayoitumia wakishuka. Wao wanatafuta raha, na hakuna ubaya. Kijana wa Masisi yuko kazini, na akiba yake imebebwa na magunia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme mzigo, chombo na mwendeshaji vina kilo 300 kwa jumla. Barabara ikishuka mita 10 katika kila mita 100, ardhi huuvuta mzigo huo mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 30. Mpira kuukuu unaobingirika kwenye udongo mkavu hula sehemu ya nguvu hiyo, tuseme kilo 10 au 15, na inayobaki ndiyo inayoongeza mwendo. Barabara ikilala tambarare, zile kilo 10 au 15 zinageuka deni ambalo mwendeshaji lazima alilipe kwa mguu wake. Ikianza kupanda, deni huwa kubwa kuliko uwezo wa mtu mmoja; hapo huhitajika wenzake wa kusukuma kwa nyuma.

Ndiyo maana kipande cha Sake hadi Goma, kisicho na mteremko mrefu, huchosha kuliko mteremko uliotangulia. Ni kilomita zaidi ya 20, sehemu kubwa juu ya miamba ya volkano. Mwendeshaji huegemeza goti moja juu ya ubao, palipopigiliwa kipande cha mpira au kandambili kuukuu ili ngozi isichubuke, na kwa mguu wa pili huipiga ardhi, pigo baada ya pigo. Akipata mteremko mdogo hupanda juu na kupumzika. Ukiisha, goti linarudi chini. Ukitaka kumjua aliyeifanya kazi hii miaka mingi, tazama magoti yake.

Kushuka kunaonekana rahisi kwa mtazamaji, kumbe hapo ndipo hatari ilipo. Kilo 300 zinazoshuka mita 500 huachia nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita nne za maji baridi. Nishati hiyo haipotei. Isipozuiwa inakuwa kasi, na ikizuiwa inakuwa joto kwenye breki. Breki ya chukudu kwa kawaida ni kipande cha tairi kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma. Mwendeshaji hukikanyaga, mpira ukasugua mpira. Ukikanyagwa mfululizo hupata moto, hutoa harufu ya kuungua, na nguvu ya kushika hupungua wakati inapohitajika zaidi. Dawa yake ni kuanza kuzuia mapema, kabla kasi haijakua, na kusimama njiani ili mpira upoe.

Upakiaji nao una elimu yake. Chombo kikizuiwa, uzito hukimbilia mbele, na gurudumu la nyuma, ambalo ndilo lenye breki, hubaki jepesi na kuanza kuteleza. Kwa sababu hiyo gunia zito linafaa likae nyuma, na kamba zikazwe hadi mzigo na ubao viwe kitu kimoja. Gunia linalocheza kwenye kona humvuta mwendeshaji upande wa korongo.

Mvua hubadilisha kila kitu. Udongo wa mfinyanzi wa Masisi ukilowa huwa utelezi; tairi lisilo na meno halishiki, na maporomoko huziba njia. Kisha kuna vita. Tangu Januari 2025, wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walipoteka Masisi-Centre, Sake na hatimaye Goma, njia hii ya viazi imekuwa pia njia ya wakimbizi, na chukudu zilizobeba vyakula zimebeba magodoro, masufuria na wazee wasioweza kutembea. Kabla ya hapo na baada yake, vizuizi vya kutoza fedha barabarani vimekula faida ya watu ambao mtaji wao ni ubao na miguu. Hakuna ufundi wa breki unaoweza kumlinda mtu na hilo.

Ukivuka vilima kuelekea magharibi, mambo yanageuka. Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, kilomita za mraba zaidi ya 23,000, karibu mara tano ya Masisi. Ardhi hushuka hadi mita 700 hivi, malisho huisha na msitu mnene huanza. Mteremko upo, tena mrefu, ila unaelekea upande usiofaa: soko la Goma liko juu, mzigo uko chini. Kile kinachomsaidia mkulima wa Mushaki kinampinga mchimbaji madini wa Walikale, na matope ya msituni humaliza lililobaki.

Mfano ulio wazi ni Bisie, huko huko Walikale, ambako watu walianza kuchimba madini ya bati mwanzoni mwa miaka ya 2000. Madini hayo ni mazito mno, karibu mara saba ya uzito wa maji, kwa hiyo kimfuko kidogo tu huvunja mgongo. Kwa miaka mingi wapagazi waliyabeba, kilo 50 kwa mtu, siku mbili kwa miguu katika njia ya msituni hadi kijiji cha Njingala. Kutoka hapo yalipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara kuu, zikapakia na kuruka hadi Goma. Ndege ilikuwa jibu la kweli kwa mlima ambao hakuna gurudumu la mbao lingeweza kuupanda na mzigo huo. Kampuni ya Alphamin ilipoanza kuzalisha bati Bisie mwaka 2019, njia ya magari ilikuwa imeshafika mgodini.

Kwa wahandisi wanaotengeneza barabara za mashambani upande wa Masisi, chukudu inastahili kuhesabiwa kama gari halali. Mahitaji yake ni machache na ya bei nafuu: ukingo wa changarawe iliyoshindiliwa nje ya njia ya malori, mitaro inayoondoa maji kabla hayajalainisha mfinyanzi, na baada ya kila mteremko mkali, kipande tambarare cha mita 30 au 40 mahali ambapo mwendeshaji anaweza kusimama na kuacha mpira upoe. Kona za juu ya Sake ndizo za kuanzia.