Heshima kwa Rubani Aliyeanguka

Jenerali Francis Ogolla, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, alizikwa Jumapili, tarehe 21 Aprili 2024, nyumbani kwake Mor, Ng'iya, katika Kaunti ya Siaya. Siku tatu kabla ya hapo, helikopta ya jeshi aina ya Huey iliyombeba ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Shule ya Cheptulel huko Pokot Magharibi. Wanajeshi tisa walikufa pamoja naye, wawili wakanusurika. Alikuwa ameacha wosia kwamba azikwe haraka, tena bila jeneza, na jamaa zake wakautii, ingawa kwa Waluo matanga ya mtu mkubwa kiasi kile huchukua majuma.

Uvumi ulikwenda kasi kuliko mazishi. Kabla mwili haujafika Ng'iya, watu kuanzia Kisumu hadi Bondo walikuwa na majibu tayari: nani alifanya nini, na kwa sababu gani. Uchungu ule nauelewa. Lakini katika wasifu wa jenerali yule kuna jambo ambalo wachache walilitilia maanani. Alijiunga na jeshi mwaka 1984, akafunzwa na Jeshi la Anga la Marekani kurusha ndege za kivita aina ya F-5, akawa mwalimu wa marubani. Miongoni mwa kozi alizosomea ni uchunguzi wa ajali za ndege. Siku ile ya Aprili alikuwa abiria, lakini maisha yake ya kazi aliyatumia miongoni mwa watu wanaojua kwamba mwenzao akianguka, mabaki ya ndege yana maneno ya kuwaambia walio hai, nayo yanahitaji muda kusikilizwa.

Kazi hiyo ina kanuni zake. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, una Kiambatisho cha 13 kinachosema wazi kwamba lengo la pekee la uchunguzi wa ajali ni kuzuia ajali nyingine. Kutafuta wa kulaumiwa ni kazi ya mahakama. Nchini Kenya, ajali za ndege za kiraia huchunguzwa na idara ya Wizara ya Uchukuzi ijulikanayo kama AAID, na ripoti ya awali inatarajiwa ndani ya siku 30. Ndege za jeshi haziguswi na utaratibu huo; jeshi hujichunguza lenyewe.

Kanuni ya kutolaumu huwakera wafiwa, na mara nyingine hata mawakili. Hata hivyo inatokana na hesabu ngumu: fundi au rubani anayejua kwamba maneno yake yatamfunga atanyamaza, na siri yake itamwua mtu mwingine mwaka ujao.

Hakuna mahali ambapo mvutano huu kati ya huzuni na kanuni ni mkali kama miongoni mwa marubani wa sarakasi za angani, wale wanaopiga duara la wima, kujibiringisha na kupita kwa mpangilio, bawa kwa bawa. Ni watu wachache, wanajuana kwa majina, na wanazikana. Wana ibada yao ya kumuaga mwenzao: ndege kadhaa hupita pamoja juu ya waombolezaji, kisha moja huchomoka kwenda juu peke yake na nafasi yake huachwa wazi. Tarehe 21 Novemba 2025, ndege ya kivita ya India aina ya Tejas ilianguka ikiwa katikati ya onyesho Dubai, rubani wake akafa mbele ya umati. Ratiba ikaendelea siku hiyohiyo. Timu ya Marekani ya ndege za F-16 iliamua kutoruka, na naamini iliamua vyema. Rubani aliyemwona mwenzake akiteketea hapaswi kuvuta usukani dakika chache baadaye. Huzuni huiba umakini, na sarakasi haina kimo cha akiba cha kufidia umakini ulioibwa.

Kimo ndicho kiini cha mambo yote haya, na hapa Kisumu kina hesabu yake. Uwanja wetu wa ndege uko mita 1,157 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, joto likifika nyuzi 30, hewa huwa nyepesi sawa na ile ambayo vitabu vya urubani huiweka kwenye kimo cha karibu mita 2,000. Kipimo cha mwendo kilicho mbele ya rubani hupima msukumo wa hewa, kwa hiyo kitamwonyesha mwendo uleule aliouzoea, ilhali ndege inakwenda kasi zaidi kwa takriban asilimia 10 kuliko ambavyo ingekwenda usawa wa bahari kwenye hewa baridi ya vitabuni. Sasa apige duara la wima. Upana wa duara huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo asilimia 10 ya kasi huzaa duara kubwa zaidi kwa karibu moja ya tano. Aliyehitaji mita 300 kushuka kutoka kileleni sasa anahitaji kama 360. Na injini, kwa kuvuta hewa hiyo nyepesi, imempa nguvu pungufu ya kukifikia kilele chenyewe.

Kukosa kimo katika duara kuliwaua watu 11 barabarani Shoreham, Uingereza, tarehe 22 Agosti 2015. Ndege ya zamani ya Hawker Hunter iliingia katika duara ikiwa na mwendo mdogo mno, ikafika kileleni ikiwa chini ya kimo kilichohitajika kwa takriban mita 240. Wachunguzi walibaini kwamba hata pale kileleni, kwa sekunde chache, kulikuwa na njia ya kujinasua. Sekunde hizo zikapita. Rubani alinusurika, waliokufa wote walikuwa ardhini.

Ziwa letu la Kisumu nalo lina mtego wake. Asubuhi maji yakitulia kati ya Dunga na Usoma, uso wake hauna alama yoyote, na macho hushindwa kukadiria umbali uliobaki kufika chini. Ni tatizo la tangu enzi za ndege za majini, kama zile za Imperial Airways zilizotua Kisumu katika miaka ya 1930. Ukungu ukiongezeka, mstari unaotenganisha maji na mbingu hupotea kabisa. Mchana upepo wa ziwani hukutana na milima ya Nandi na Kericho, na mawingu ya radi hupanda kwa muda mfupi.

Huku kwetu sarakasi za ndege ni nadra. Tunaziona pale ndege za jeshi zinapopita juu ya sherehe za kitaifa. Helikopta na ndege ndogo za wanasiasa, hizo tunazo tele, na sheria za hewa ni zilezile kwazo. Tarehe 24 Januari 2003, serikali ya Rais Kibaki ikiwa haijatimiza hata mwezi, ndege aina ya Gulfstream iliyobeba mawaziri kutoka sherehe ya mwanasiasa Moody Awori ilipaa kutoka kiwanja kidogo cha Busia, ikagonga nyaya za umeme na kuanguka. Waziri Ahmad Khalif na marubani wawili walikufa. Miongoni mwa walionusurika ni mawaziri wenzake Martha Karua na Raphael Tuju. Tarehe 30 Mei 2021, helikopta iliyokuwa imemshusha Raila Odinga ilianguka kwenye uwanja wa Shule ya Msingi ya Kudho, Gem. Waliokuwemo walitoka hai.

Katika ndege za namna hii, anayeona hatari mapema mara nyingi ni mdogo wa cheo: rubani msaidizi, fundi, askari anayezuia watoto wasikaribie pangaboi. Tumelelewa kutomkatiza mkubwa. Kijana wa Siaya anayemwita nahodha wake *jaduong'*, yaani mzee, hujisikia mkosefu wa adabu akimwambia, "Nahodha, tumezidi uzito, tushushe watu wawili." Vikao vizuri vya kabla ya kuruka huanza kwa nahodha kutoa ruhusa hiyo kwa kinywa chake: yeyote akisema tusimame, tunasimama, na maswali tutaulizana chini. Na katika kikao cha baada ya kuruka, nahodha huanza kwa kutaja makosa yake mwenyewe, ili wadogo wapate ujasiri wa kutaja yao.

Uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja, na viwanja vya shule vya Gem, Nyakach na Rarieda vitageuka tena kuwa viwanja vya ndege kwa miezi kadhaa. Wizara ya Uchukuzi ina uwezo wa kuzifupisha ripoti za AAID kuhusu ajali za helikopta na ndege ndogo kwa lugha nyepesi, na kuzifikisha kwa kila kampuni inayokodisha vyombo hivyo, kwa kila chama, na kwa kila mwalimu mkuu atakayeombwa uwanja. Ripoti za jeshi, pale ambapo usalama wa taifa hauguswi, zifuate. Kazi hiyo ianze sasa, kabla helikopta ya kwanza ya kampeni haijatua.