Mapaa ya Asbesto: Wajibu wa Chama Kabla ya Kubomoa Ghala

Maghala mengi ya zamani yaliezekwa kwa mabati ya asbesto, yaani saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini. Bati zima lisiloguswa halina hatari kubwa. Hatari huanza likatwapo, litobolewapo au livunjwapo, kwani vumbi lake huingia mapafuni likakaa humo, na kansa yaweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40.

Nchini Tanzania, Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi humtwika mwajiri jukumu la kuwakinga wafanyakazi wake. Chama kinachoajiri mafundi nacho ni mwajiri.

Hivyo yampasa Katibu, kabla ya kazi kuanza, kuiwekea Halmashauri mpango ulioandikwa: mabati ni mangapi, nani atayashusha, kwa vifaa gani, na yatapelekwa wapi. Mabati yaloweshwe maji, yashushwe mazima, yafungwe katika plastiki nzito. Mafundi wavae barakoa zichujazo vumbi laini, wala wasirudi nyumbani na nguo za kazi.

Mabaki ni taka za hatari. Wanachama wasigawiwe kuezekea mabanda au majiko, hata wakiyaomba bure.