Je, Wajua? Polari, Lugha ya Kumkwepa Beti Bangili

Je, wajua kuwa hadi 1967 mwanamume wa Uingereza aliyelala na mwanamume mwenzake angeweza kufungwa jela, hata kama ilikuwa chumbani kwake, mlango umekomewa? Watu wa namna hiyo wakajipatia lugha ya kuzungumzia mambo yao hadharani bila kueleweka. Waliiita Polari, jina linalotokana na *parlare*, yaani kusema, kwa Kiitaliano.

Maneno yake yaliokotwa kila pembe. Mabaharia walileta Kiitaliano cha bandari za Mediterania, wacheza sarakasi na waigizaji wakatia chao, Waromani, wahamaji wenye asili ya India, wakachangia, Wayahudi wa mashariki ya London wakaongeza Kiyidi, na wezi nao hawakukosa. Maji au mvua ni *parney*, kutoka Kiromani, ndugu wa *pani* ya Kihindi. Sisi tuliopata gari na duka kutoka huko huko India hatuna haja ya kushangaa.

Msamiati kidogo, haraka haraka. *Bona* ni nzuri (usiichanganye na mbona). *Vada* ni tazama. *Lallies* ni miguu, *lattie* nyumba, *slap* vipodozi, *nanti* hapana au hakuna. *Omi* ni mwanamume, *palone* ni mwanamke. Ukiunganisha, *omi-palone* ni mwanamume anayependa wanaume, na ukigeuza, *palone-omi*, ni mwanamke anayependa wanawake. Kuhesabu: *una, dooey, tray*.

Je, wajua kwamba Waingereza nao wana kinyume? Watoto wa Pwani hugeuza silabi, mbuzi akawa zimbu na nyumba ikawa mbanyu. Waingereza hugeuza herufi. Nywele, *hair*, zikawa *riah*. Uso, *face*, ukawa *ecaf*, kisha wakaukata mkia ukabaki *eek*. Hapo hata aliyeshtukia mchezo wa kugeuza anapotea njia.

Polisi alipewa majina kadhaa, na mengi ni ya kike: Lily Law, Jennifer Justice, Betty Bracelets. Hilo la mwisho linaingia Kiswahili bila kusukumwa: Beti Bangili, na bangili zenyewe ni pingu. Kumwita askari jina la bibi kulificha habari, na kulimshusha pia yule aliyekuwa akiogopwa.

Na aliogopwa kwa sababu. Ilikuwa kawaida polisi kutuma vijana watanashati waliovaa kiraia ili wawanase watu. Tuseme ni Soho, London, miaka ya 1950, marafiki wawili wako kwenye kaunta ya baa. Anaingia kijana, shati limepigwa pasi. "*Vada the bona omi*," anasema mmoja, mtazame huyo mzuri. Mwenzake anatupa jicho chini, anaona buti nyeusi zilizong'arishwa kupita kiasi. "*Nanti polari. Lily.*" Nyamaza, ni polisi. Mhudumu anaendelea kufuta glasi, kwake huo ni upuuzi mtupu.

Je, wajua kwamba ujanja wao mmoja hauwezekani kabisa kwa Kiswahili? Kiingereza kinamlazimisha msemaji ataje jinsia, *he* au *she*. Wasemaji wa Polari walibadilisha, mwanamume akawa *she*, na mtu angeweza, akiwa kazini, kusimulia wikiendi yake asishtukiwe. Kwetu "alikuja, tukala, akaondoka" haimfichui mtu yeyote. Sarufi yetu imeshamaliza kazi hiyo bila kuombwa.

Kilichoiua Polari, kwa maoni yangu, ni kicheko kwanza, sheria ikafuata. Kuanzia 1965 hadi 1968 redio ya BBC ilirusha *Round the Horne*, kipindi cha vichekesho cha Jumapili mchana, familia zikiwa mezani. Hugh Paddick na Kenneth Williams waliigiza Julian na Sandy, waigizaji wawili ambao kila wiki walizuka na biashara mpya, wakimwaga Polari bila breki. Mamilioni walisikiliza, na siri inayochekewa na bibi na wajukuu si siri tena. Katikati ya hayo, 1967, sheria ililegezwa England na Wales kwa wanaume waliotimiza miaka 21, wakiwa faraghani. Scotland ilisubiri hadi 1980, Ireland ya Kaskazini hadi 1982. Wanaharakati vijana wa miaka ya 1970 waliiona lugha hiyo kama masalia ya enzi za kujificha, wakaiacha.

Masalia yake hayajafa. Neno *naff*, yaani kitu cha hovyo, hutamkwa leo na Waingereza wasiojua limepitia wapi. Mwimbaji Morrissey aliiita albamu yake ya 1990 *Bona Drag*. Mwanamuziki David Bowie aliichanganya Polari katika wimbo mmoja wa albamu yake ya mwisho, 2016. Huko Manchester kuna waliotafsiri Biblia nzima kwa msaada wa programu ya kompyuta.

Na mwaka 2017, wanafunzi wa upadre wa Kianglikana katika chuo cha Westcott House, Cambridge, waliendesha ibada ya jioni kwa Polari, Utatu Mtakatifu ukiwemo. Zogo likazuka. Mkuu wa chuo akatoa taarifa ya masikitiko, kwa Kiingereza cha kawaida.