Kompyuta Inayoganda Kwenye Michoro

Kompyuta ya nyumbani inayoandika barua, kufungua kurasa za intaneti na kupiga muziki kutwa nzima bila shida, kisha ikaganda dakika chache baada ya kufunguliwa mchezo wa video au programu ya kuchora ramani za nyumba, huwa imekwisha kutoa ushahidi wa kwanza juu ya kasoro yake, kwa kuwa imeonyesha kwamba inashindwa pale tu inapotwishwa kazi nzito ya michoro. Ushahidi huo mara nyingi husomwa vibaya. Kadi ya michoro, yaani kifaa kinachotengeneza picha zinazoonekana kwenye skrini, hushtakiwa mara moja, mwenye kompyuta akashauriwa kununua nyingine kwa bei kubwa, na baada ya kufungwa kadi mpya kompyuta ikaendelea kuganda vilevile. Fedha za kaya hazistahili kupotea hivyo, na njia ya kuziokoa ni kuanza na vilivyo rahisi kupimwa na kuiacha kadi yenyewe iwe mtuhumiwa wa mwisho.

Kazi nzito huleta mabadiliko mawili makubwa kwa wakati mmoja. Kadi iliyotulia hutumia umeme kidogo na hubaki na joto la kadiri, lakini mchezo unapofunguliwa, maelfu ya vitengo vidogo vya hesabu vilivyomo ndani yake huanza kazi kwa pamoja, kama wavunaji walioingia shambani siku moja, joto hupanda, na matumizi ya umeme ya kadi kubwa huweza kupita wati 200. Tundu ambamo kadi hupachikwa hutoa wati 75 tu, na kinachozidi hupitia nyaya za ziada: waya wenye pini 6 huongeza wati 75, na wenye pini 8 huongeza 150. Kwa hiyo joto na umeme ndivyo vya kuchunguzwa mwanzo.

Hata hivyo, kabla ya bisibisi kuguswa, inafaa kujua ni mgando wa aina gani. Kitufe cha Caps Lock kikibonyezwa na taa yake ikawaka na kuzimika, mfumo endeshi bado uko hai na kilichopotea huenda ni picha tu. Taa isipoitikia, kompyuta nzima imesimama. Tangu toleo la Vista, Windows huipa kadi sekunde 2 kuitikia, na isipoitikia huianzisha upya na kuandika tukio namba 4101 katika daftari lake la matukio. Tukio namba 41 hueleza jambo jingine, kwamba kompyuta ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu, na huandikwa hata pale mtumiaji mwenyewe alipoishikilia swichi kwa kukata tamaa, hivyo peke yake halithibitishi kwamba umeme ndio wenye kosa.

Joto hupimwa kwa programu za bure kama GPU-Z na HWiNFO, zikiachwa zikisoma wakati mchezo unaendelea. Kadi nyingi zikiwa kazini husimama kati ya nyuzi 65 na 85 za Selsiasi. Zinapopanda kupita 90, huenda feni imechoka, vumbi limeziba mapezi ya kupozea, au pesti ya joto, ule utomvu unaopakwa kati ya kichakato na kipoza ili joto lihame kwa urahisi, imekauka. Usafishaji hufanywa kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani, kwa brashi kavu na hewa ya blowa, huku feni ikizuiwa kwa kidole ili isizungushwe kwa kasi ikaharibika. Lipo pia jaribio lisilogharimu chochote, nalo ni kuweka kikomo cha picha 60 kwa sekunde katika mipangilio ya mchezo. Mwaka 2010 wachezaji wa StarCraft II waliona kadi zao zikipata joto kupita kiasi katika skrini tulivu za menyu, kwa sababu mchezo ulichora picha nyingi kadiri kadi ilivyoweza bila kikomo, na dawa ikawa kuweka kikomo hicho. Mgando ukikoma baada ya kikomo kuwekwa, uzito wa kazi ndio chanzo, na kinachobaki kuamuliwa ni kama umepita kwenye joto au kwenye umeme.

Umeme wa ndani hutolewa na pawa saplai, kisanduku kinachobadili umeme wa ukutani kuwa volti 12 na volti nyingine ndogo. Volti hizo 12 zinapaswa kubaki kati ya 11.4 na 12.6 hata kadi inapofanya kazi kwa nguvu zote, na pawa saplai ya bei ya chini, hata yenye lebo ya wati nyingi, huweza kushindwa kuzishikilia. Umeme wa ukutani nao huweza kupungua, hivyo katika nyumba ambamo taa hufifia jioni inafaa kulinganisha mgando wa jioni na wa alfajiri. Kisanduku hicho kisifunguliwe kamwe na asiye fundi, kwa kuwa kapasita zake huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Kipimo cha uhakika ni kuazima pawa saplai nyingine nzima.

Ikiwa joto na umeme viko sawa, zamu ni ya draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo endeshi kuelewana na kadi. Draiva mpya haiwi bora kila mara: Machi 2010 Nvidia, kampuni ya kadi za michoro, ililazimika kuondoa toleo 196.75 kwa sababu lilivuruga feni na kuziacha kadi zikiungua, hivyo kurudi kwenye toleo la zamani ni tiba halali. Ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nayo ijaribiwe usiku kucha kwa programu ya MemTest86, na kosa hata moja lihesabiwe kuwa ugonjwa, hasa katika kompyuta zisizo na kadi ya pekee, ambazo huchora kwa kutumia ramu hiyohiyo ya kawaida.

Kadi yenyewe hushukiwa kwa haki pale vitone au mistari ya rangi isiyotarajiwa inapoonekana tangu nembo ya kuwasha, kabla Windows haijafunguka. Kasoro za aina hiyo zipo kweli, kwani Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya vichakato vya kompyuta mpakato vilivyoundwa kwa malighafi dhaifu. Kuichoma kadi kwa blowa ya moto ili solda ishike tena huirejesha kwa muda mfupi tu, na kuiweka katika jiko la kuokea chakula ni hatari kwa afya ya familia.

Katika hatua zote kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati, na matokeo yaandikwe. Mwenye kompyuta na aende kwa fundi akiwa na maandishi hayo mkononi, na kabla ya kulipia kadi mpya adai aonyeshwe ile ya zamani ikiganda ndani ya kompyuta nyingine iliyo nzima.