Kutoka Nyumbani na Mtoto Mchanga

Wazee wetu husema, "Abebwaye hujikaza." Maana yake ni kwamba mtu asaidiwaye yampasa naye ajitahidi. Ni neno jema kwa watu wazima, na hata kwa mtoto wa miaka miwili aliye mgongoni mwa mama yake. Lakini yuko abebwaye asiyeweza kujikaza hata kidogo, naye ni mtoto mchanga. Shingo yake ni laini, mikono yake haijui kushika, wala hana ulimi wa kusema, "Jua laniunguza," au "Nakosa pumzi." Amchukuaye ndiye wa kujikaza kwa ajili yake. Basi tutaeleza hapa namna ya kutoka na mtoto mchanga kwenda sokoni, dukani au kliniki. Maana wengi wenu mna wadogo zenu nyumbani, na mara nyingi mnatumwa mkiwa nao mgongoni.

Kwanza tuulize: mtoto atoke lini? Watu wengi hushika desturi ya arobaini, yaani mama na mtoto hukaa ndani siku 40 baada ya uzazi. Desturi hii ina faida. Mama hupumzika, na mtoto huepushwa na watu wenye mafua na kikohozi, wakati mwili wake haujapata nguvu za kupigana na maradhi. Lakini yako mambo yasiyongoja arobaini. Chanjo ya kifua kikuu na chanjo ya kwanza ya polio hutolewa mara baada ya kuzaliwa. Baadaye, katika Tanzania, mtoto hupelekwa kliniki akiwa na wiki 6, tena wiki 10, tena wiki 14, na akitimiza miezi 9 huchanjwa surua. Hesabuni wiki 6, mtapata siku 42. Kumbe hesabu ya wazee na hesabu ya kliniki zimekaribiana sana! Lakini mtoto akiugua, hata akiwa na siku 3 tu, asingojeshwe. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Sasa tutazame namna ya kumbeba. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wa mwili wake wote, hali kichwa cha mtu mzima ni kama sehemu moja katika nane. Shingo ndogo haiwezi kuuchukua mzigo huo, mpaka mtoto afikapo miezi mitatu au minne. Kwa hiyo katika miezi hiyo ya kwanza ni heri abebwe mbele, kifuani, na mtu mzima, kichwa chake kikitegemezwa kwa mkono au kwa mbeleko. Uso wake uonekane, pua na kinywa visizibwe na nguo, na kidevu kisilalie kifua chake, maana hapo njia ya pumzi hubanwa. Miguu isinyoshwe na kufungwa pamoja kama kuni. Iachwe itanuke, magoti yakiwa juu kidogo, kama miguu ya chura. Ndivyo mbeleko zetu zilivyowachukua watoto tangu zamani, na madaktari wa mifupa hukubali kwamba namna hii hufaa nyonga za mtoto.

Tena msidhani kwamba kumweka mtoto kifuani ni jambo dogo. Mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, daktari aitwaye Edgar Rey aliona kwamba masanduku ya kuwatia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati hayatoshi. Akawaagiza akina mama wawaweke watoto hao kifuani, ngozi kwa ngozi, na kuwafunga kwa nguo. Joto la mama likafanya kazi ya sanduku. Leo namna hiyo hutumika katika hospitali nyingi duniani.

Jambo la pili ni joto na baridi. Mwili wa mtoto mchanga hupoa upesi na kupata moto upesi. Fikirini mama atokaye Lushoto alfajiri, kwenye baridi na ukungu wa milimani, akashuka kwenda Mombo, ambako mchana jua ni kali. Nguo zilizomfaa mtoto alfajiri zaweza kumdhuru saa sita. Basi amchukuaye hana budi kumpapasa kifuani au nyuma ya shingo mara kwa mara. Akiwa na jasho, apunguziwe nguo. Akiwa baridi, aongezewe nguo na kukumbatiwa. Mikono na miguu si kipimo kizuri, maana yaweza kuwa baridi hali mwili una joto la kutosha.

Jambo hili mimi nililijua kwa kosa langu. Nilipokuwa na umri kama wenu nilitumwa dukani kununua chumvi, na mdogo wangu wa miezi minne akiwa mgongoni. Jua lilikuwa kali, nami nikamfunika kanga nzito kichwani, nikidhani nafanya wema. Njiani nikakuta wenzangu wakicheza mpira, nikasimama kutazama. Mtoto alilia kidogo, kisha akanyamaza. Nikafurahi, nikasema moyoni, "Amelala." Akapita bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni, akaniambia, "Mjukuu wangu, umemfunika nani? Afunikwaye hivyo ni maiti." Akautua mzigo wake, akaivuta ile kanga. Mtoto alikuwa amelowa jasho, amelegea, akihema mbio mbio. Bibi akamchukua chini ya mwembe, akamvua nguo, akampangusa kwa kitambaa chenye maji, kisha tukaenda upesi kwa mama, akanyonyeshwa. Akapona. Mama hakunipiga, alinitazama tu, na macho yale siyasahau hata leo. Tangu siku hiyo nalijua neno hili: kimya cha mtoto si dalili ya raha sikuzote. Akinyamaza, mtazame.

Jambo la tatu ni chakula. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana, nayo tumbo lake ni dogo. Mpaka atimize miezi sita, maziwa ya mama yamtosha kwa chakula na kwa kinywaji. Asipewe maji, hata siku ya jua kali, bali anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Basi ukitumwa naye, usiende mbali na mama yake. Na mama aendaye sokoni afanye kwanza shughuli iliyo kubwa, apumzike kivulini na kumnyonyesha, na iliyosalia aiweke siku nyingine. Shughuli huahirishwa, njaa ya mtoto haiahirishwi.

Mwisho, zijueni dalili za hatari. Mtoto akikataa kunyonya, akiwa na homa au mwili wa baridi usiopata joto, akihema upesi mno au kifua chake kikibonyea ndani, akipatwa na degedege, au akilegea hata haamki vema, apelekwe hospitali mara moja. Tena msiwaruhusu watu wa sokoni kumshika ovyo na kumbusu. Mwenye kumshika na anawe mikono kwanza, kwa adabu waweza kusema, "Samahani mama, bado ni mchanga."

Mkono mmoja haulei mwana. Ninyi ni mkono wa pili katika nyumba zenu, lakini mara nyingi msaada ulio bora si kumbeba mtoto, bali ni kumbebea mama kikapu. Mtoto na abaki kivulini kifuani mwa mama yake, nawe upige mbio dukani, uilete chumvi, wala usisimame njiani kutazama mpira.