Lugha ya Matangazo ya Shule za Msingi Mkoani Singida Wakati wa Ugonjwa wa Korona, 2020

I. Utangulizi

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ya Tanzania ilitangaza kupatikana kwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule zote, tangu za awali hadi kidato cha sita, kwa muda wa siku 30. Tarehe 14 Aprili muda huo uliongezwa pasipo kutajwa siku ya mwisho. Wanafunzi wa vyuo na wa kidato cha sita walirejea tarehe 1 Juni. Wale wa shule za msingi walingoja hadi tarehe 29 Juni, yaani siku 104 tangu amri ya kwanza ilipotolewa.

Yafaa kukumbuka kwamba Tanzania haikuwafungia watu majumbani kama zilivyofanya nchi nyingi. Minada iliendelea, mashamba yalilimwa, misikiti na makanisa yalibaki wazi. Mlango uliofungwa hasa ulikuwa ule wa shule. Kwa sababu hiyo mzazi wa kijijini aliona maisha yote yakienda kama kawaida isipokuwa jambo moja, na jambo hilo lilihitaji kuelezwa kwake kwa maneno. Makala haya yanakusudia kuonyesha njia ambazo habari za shule hupitia hata kumfikia mzazi katika mkoa wa Singida, na jinsi maneno yaliyotumika yalivyoweza kumwongoza au kumpoteza.

II. Mwanafunzi kuwa tarishi na mkalimani

Katika siku za kawaida shule ya msingi ya kijijini haina tarishi ila mwanafunzi mwenyewe. Mwalimu mkuu akitaka kuita mkutano wa wazazi, au kutangaza siku ya chanjo, humwambia mtoto mstarini asubuhi, au humpa karatasi aipeleke nyumbani. Lakini kazi ya mtoto haiishii hapo. Akifika, huisoma karatasi kwa sauti, kisha huieleza kwa lugha ya nyumbani kwa ajili ya bibi au mzazi ambaye Kiswahili chake si chepesi. Hivyo mtoto mmoja anafanya kazi tatu: ni mchukuzi wa habari, ni msomaji wake, na ni mkalimani.

Shule zilipofungwa, kazi hizo tatu zilikatika kwa pamoja. Mtoto alikuwapo nyumbani, lakini hapakuwa na karatasi ya kusoma wala mstari wa kusikilizia. Njia zilizobaki ni zile za serikali ya kijiji na za jamii yenyewe: kutoka kwa Afisa Elimu Kata kwenda kwa mwalimu mkuu, kutoka kwake kwenda kwa mtendaji wa kijiji, kwa wenyeviti wa vitongoji, na kwa wajumbe wa kamati ya shule, au tangazo baada ya sala na ibada, au simu ya mkononi, pale ilipo na penye mtandao. Redio nayo ilileta amri za Serikali na vipindi vya masomo, lakini redio husema na nchi nzima. Haimwambii mzazi wa kitongoji fulani nini kinatakiwa kwa mwanawe.

Kila njia ina hasara yake. Ujumbe upitao vinywani mwa watu wanne hupunguzwa katika kila kinywa, na kilichobaki mwishoni mara nyingi ni kitenzi kimoja tu. Kwa hiyo uchaguzi wa kitenzi hicho si jambo dogo.

III. Maneno yenyewe

Kitenzi kilichobeba uzito mkubwa kuliko vyote ni *funga*. Katika usemi wa kila siku wa wazazi na walimu, mwisho wa muhula huelezwa kwa kauli ya kutenda: *shule zimefunga*. Kufungwa kwa shule Machi 2020 kulihitaji kauli ya kutendwa: *shule zimefungwa*. Tofauti baina ya semi hizo ni sauti moja tu, *-w-*, lakini tofauti ya maana ni kubwa. Katika usemi wa kwanza shule inafuata kalenda yake. Katika wa pili kuna aliyeifunga, na kuna sababu. Sauti hiyo ndogo hupotea kwa urahisi ujumbe unapotolewa kwa haraka au kutafsiriwa. Ikipotea, mzazi husikia habari ya likizo.

Na likizo mkoani Singida ina kazi zake. Mvua za mkoa huu ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Shule zilifungwa wakati mtama na uwele vimo shambani, navyo vyahitaji mtu wa kuamia ndege. Mtoto wa likizo huenda kuamia, huchunga, hutumwa mnadani. Mtoto ambaye shule yake imefungwa kwa sababu ya maradhi alitakiwa kukaa mbali na makundi ya watu. Kitenzi hakikuweza peke yake kuzitenganisha hali hizo mbili.

Neno la pili ni *karantini*. Neno hili halikuwa geni kwa wafugaji. Lilikwisha kujulikana kwa habari za mifugo, ambapo ng'ombe wa eneo fulani huzuiwa kuhamishwa au kuuzwa kwa sababu ya maradhi kama homa ya miguu na midomo. Kwa msikilizaji wa namna hiyo neno lilikuwa na faida moja, kwamba lilieleza wazi wazo la kuzuia mwendo ili maradhi yasienee. Lakini lilikuwa na dosari pia, kwani kumtia mtu karantini kulisikika kama kumhesabu pamoja na zizi. Maneno *kujitenga* na *kutengwa* yalisikika yenye utu zaidi, ingawa *kutengwa* nalo hukumbusha adhabu ya mtu aliyekosana na wenzake.

Neno *barakoa* lina historia nyingine. Asili yake ni Kiarabu, na kamusi za zamani za Kiswahili zilieleza kwalo kifuniko cha uso kilichovaliwa na wanawake wa pwani. Mwaka 2020 neno likafufuliwa kwa maana mpya na kuenea nchi nzima. Kwa mtu wa Unguja lilikuwa ni upanuzi wa maana. Kwa mtu wa Iramba au Ikungi, ambaye hakuwahi kuiona barakoa ya zamani, lilikuwa neno jipya kabisa.

Mwisho, matangazo ya usafi yalieneza usemi *maji tiririka*. Mwanasarufi angetazamia *maji yatiririkayo* au *maji yanayotiririka*, kwa kuwa nomino haifuatwi kwa kawaida na shina tupu la kitenzi. Hata hivyo usemi ulipendwa kwa ufupi wake. Ni vyema kuulinganisha na *kibuyu chirizi*, jina la chombo cha kunawia kilichojulikana mashuleni kabla ya ugonjwa huo, yaani dumu lililotobolewa na kuinamishwa kwa kamba na kijiti cha kukanyagia. Hapa neno la pili limeundwa kwa kiishio *-i*, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili katika kuunda sifa. Matangazo yaliyosema *nawa kwa kibuyu chirizi* yalikuwa na ubora mmoja ulio dhahiri: mtoto alikijua chombo hicho, na aliweza kukitengeneza nyumbani.

IV. Lugha za nyumbani

Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali tangu miaka ya 1960, na matangazo yote ya shule huandikwa kwa lugha hiyo. Lakini nyumba nyingi za Singida huzungumza lugha nyingine pia. Kinyaturu na Kinyiramba ndizo kubwa. Pamoja nazo kuna Kiisanzu huko Mkalama, Kigogo na Kikimbu upande wa Manyoni na Itigi, na Kisukuma cha wahamiaji. Hizo zote ni za Kibantu. Kitaturu ni cha jamii ya Kinailoti, na Kihadza, kinachozungumzwa na watu wachache, hakijathibitishwa kuwa na udugu na lugha yoyote.

Wataalamu wameujua utajiri huu tangu zamani. Frederick Johnson, mhariri wa kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa 1939, alikusanya na kuchapisha hadithi za Kinyiramba. Pamoja na hayo, mtu azungumzaye Kinyiramba au Kinyaturu hakufundishwa shuleni kukiandika. Lugha hizo zina irabu saba, ambapo Kiswahili kina tano, na hutofautisha maana kwa toni. Msomaji wa Kiswahili hupata taabu kuzisoma katika maandishi. Kwa hiyo kuandika tangazo kwa lugha ya nyumbani si dawa iliyo tayari. Dawa iko katika kinywa: tangazo liandikwe kwa Kiswahili ambacho mwenyekiti wa kitongoji ataweza kukitafsiri papo hapo bila kusita.

V. Hitimisho

Kutokana na hayo, tangazo lifaalo lingeweza kuwa na sura ifuatayo:

*Serikali imeifunga shule yetu kwa sababu ya ugonjwa. Hii si likizo. Mtoto asitumwe mnadani wala penye watu wengi. Mtoto bado ni mwanafunzi wa shule hii, na nafasi yake ipo. Siku ya kufungua haijatangazwa. Ikitangazwa, mwenyekiti wa kitongoji atapita nyumba kwa nyumba kuieleza.*

Sentensi hizo ni fupi, na kila moja ina jambo moja, hata ikisahauliwa moja nyingine hubaki nzima. Aliyefunga ametajwa, hivyo maana haitegemei tena sauti *-w-*. Likizo imekanushwa kwa jina lake. Na mzazi ameambiwa habari zijazo zitamfikia kwa njia gani, jambo lililokuwa na haja kubwa baada ya 14 Aprili, wakati hapakuwa na tarehe ya kungojea.

Sentensi ya nne ndiyo yenye uzito kuliko zote. Siku 104 zatosha mtoto wa kiume kuzoea malisho na wa kike kuposwa. Tena hadi Novemba 2021, Serikali ilipobadili utaratibu, msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurejea katika shule ya Serikali. Kwake yeye muda huo ungeweza kuwa mwisho wa masomo. Wanafunzi wa darasa la saba nao walikuwa na mtihani wao mbele, uliofanyika Oktoba badala ya Septemba. Kwa watoto hao wote, kurudi tarehe 29 Juni kulitegemea kwanza kama nyumbani palijulikana kwamba wanangojewa. Hapana budi wachunguzi wa Kiswahili kuyatazama matangazo ya namna hii kwa makini yale yale wanayoyapa mashairi na hati za kale, kwa kuwa humo lugha hupimwa kwa jambo lililo wazi: mtoto amerudi darasani, au hakurudi.